Gari Lililonyamaza Siku ya Harusi

Bigwa, Morogoro
22 Agosti 1993

Mjomba wangu mpenzi, Mzee Kibwana,

Shikamoo. Ya pili ni ya mkweo Twalibu, ingawa najua ameshakuamkia mwenyewe hapo uani kabla hajakupa bahasha hii. Natumaini inakukuta goti limetulia na ukungu wa asubuhi haukusumbui kifua. Mkaza mjomba naye je, ule mkono alioungua siku ya pilau umepona? Sisi huku Bigwa tu wazima, tunakula na tunalala. Jua la Agosti limekausha kila kitu ila mto.

Mjomba, niseme nini juu ya ndoa yangu? Yapo maneno ambayo mpwa hamwandikii mjomba wake, na kama mama angekuwa hai ningemwandikia yeye. Lakini wewe ndiye uliyenilea baada yake, na machungwa ya shamba zima uliyauza ili mimi nimalize kidato cha nne, kwa hiyo nivumilie. Nina furaha, mjomba. Asubuhi nikiamka naiona milima ya kwetu katika dirisha dogo, kisha kando yangu namwona mtu niliyempenda tangu siku aliponishushia mzigo wa magimbi pale Mkuyuni bila kuniuliza jina, nami sijui nianze kutazama upande upi. Akirudi kazini hunawa mikono kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni, halafu kwa ndimu, ndipo anathubutu kugusa kanga yangu. Ananiita Mwalimu, kwa sababu namsomea maandishi ya kizungu kwenye makopo. Wakati mwingine ananiletea kopo ambalo hata halina habari mpya, nimsomee tu, aisikie sauti yangu.

Nimetanguliza haya kusudi, ujue kwamba anayekuandikia ni mke mwenye furaha, si mwanamke anayetafuta njia ya kurudi kwao. Maana habari yenyewe niliyonayo ni ya ile Landrova. Nakuomba sana, mjomba, fedha ambazo watu wa Kinole wamechanga kwa ajili yake zibaki zilipo, zisitoke hata senti, mpaka umalize kusoma ukurasa wa mwisho.

Sababu ya ninyi kulitaka gari lile naijua, wala sijaisahau. Marehemu Pili tulitwanga naye kinu kimoja, na mpaka leo nikishika mchi namsikia akinihesabia. Uchungu ulipomshika masika yaliyopita, wanaume walimfunga kwenye kitanda wakateremka naye katika utelezi, na hakufika zahanati ya Mkuyuni akiwa hai. Wewe ulikuwa mmoja wa waliokibeba kile kitanda. Tangu siku ile umekuwa ukisema kwamba Kinole lazima ipate gari lake lenyewe, la kubeba ndizi siku za soko na mgonjwa siku yoyote. Ndiyo maana barua hii imenitoa jasho kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Landrova ile Twalibu aliinunua pale Dakawa, shirika moja lilipofungwa na magari yake chakavu yakauzwa. Injini yake ni nzima na bodi haina kutu ya kutisha. Ubaya wake ulikuwa difu ya nyuma, kile kichwa cha chuma kilicho katikati ya magurudumu, chenye meno ndani yanayopokea nguvu ya injini na kuigawa kushoto na kulia. Ilikuwa inalia. Ulikuwa mlio wa mtu, mjomba, mwembamba na mrefu, unaopanda kadiri gari linavyokazana, na mguu ukiachia mafuta unashuka kama mwombolezaji anayevuta pumzi. Ninyi huko juu mlikuwa mkiusikia kabla gari halijavuka mto.

Utakumbuka siku walipoleta posa. Mzee Stambuli, mshenga wetu, alikuwa hajamaliza salamu, na Asia mtani wetu akasimama mlangoni ameshika kiuno. Alisema, "Mzee Kibwana, huyu anayemtaka Zuleha kaja na mke mkubwa. Msikieni huko barabarani, analia kuolewa kwa wa pili." Watu walicheka mpaka mkaza mjomba akamwaga chai. Asia hakuishia hapo. Aliapa kwamba siku ya harusi atalisimamisha gari hilo njiani aulize nani kafa, kwa sababu bibi harusi hachukuliwi kwa kilio cha msiba. Nawe ulicheka, lakini baadaye ukaniambia kwa upole kwamba kweli si vizuri, na kwamba ingefaa Twalibu atafute gari jingine la kunichukua. Mimi nilimpelekea maneno hayo kama nilivyoyapokea. Aliyasikiliza, akasema ataona.

Siku ya harusi ikafika, na Landrova ikapanda Kinole kimya. Nilikuwa ndani nimefunikwa, na nilichosikia ni matairi tu juu ya changarawe na wanawake wakiulizana imekuwaje. Asia alitoka na upawa wake tayari kwa vita, akarudi nao jikoni. Mimi chini ya ile kanga nilijiona malkia. Nilijua amenifanyia mimi, na sikujua amefanya nini, na sikutaka kujua. Ulipokuja kunitoa ndani nilikuwa nalia kama ilivyo ada, lakini nusu ya machozi yale ilikuwa raha.

Ukaketi mbele na Shukuru, rafiki yake Twalibu, aliyekuwa akiendesha. Ulimwambia azime redio ili usikilize gari. Tulishuka miteremko yote ile nawe umeinamisha kichwa, na kila mara nilikuona ukikubali peke yako. Tulipofika hapa Bigwa ulishuka, ukaweka mkono kwenye boneti, ukasema mbele ya watu wote waliokuja kutupokea:

"Gari hili halitoki nje ya ukoo. Kinole tutalinunua. Pili angalipata gari kama hili, leo angekuwa hapa anapiga vigelegele."

Vigelegele vikapigwa kweli. Mimi nilimtazama mume wangu nikitarajia kumwona anang'aa, lakini alikuwa ameinamisha uso. Nilidhani ni heshima. Na heshima ilikuwepo, mjomba, kwa sababu mkwe hakai kiti kimoja na wewe, hakutazami usoni, wala hakupingi mbele za watu, sembuse siku ile ile aliyokabidhiwa mke. Akinyamaza amekubali, ndivyo tulivyofundishwa. Basi alinyamaza, na watu wote wakahesabu kwamba amekubali.

Siku za mwanzo za ndoa sikuona kitu. Kisha nikagundua kwamba hapandishi tena watu mlimani. Alibeba mpunga wa Dakawa kwenye barabara ya tambarare, na abiria wa Mkuyuni walipomfuata aliwaambia breki zinatengenezwa. Halafu mlio ukaanza kurudi, kwanza kama nyuki ndani ya chupa, halafu kama mtoto anayelia chumba cha pili. Hapo ndipo tulipoanza kuzunguka maduka.

Wewe unaikumbuka zamani, oili ya gia ilikuwa ya pipa moja, ukiipata unashukuru, na usipopata unaweka gari juu ya mawe. Tangu biashara ifunguliwe, mjomba, ungeona maduka ya Morogoro. Kila kopo lina rangi yake na kila muuzaji ana kiapo chake. Tulitembea mchana kutwa, yeye amenishikia mwavuli, tukanunua na karanga, na mimi kwa upumbavu wangu niliona ni matembezi ya fungate. Muuzaji mmoja alituonyesha oili nyepesi kidogo, namba tisini, akasema ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mwingine akasema kitabu kiliandikwa gari likiwa bikira, sasa ni bibi kizee, linataka namba mia na arobaini, nzito kama asali. Jirani yake alikuwa na dawa ya Dubai kwenye chupa ndogo, akasema ukiitia tu difu inasahau umri wake. Tulikwenda hata kwa fundi Ignas kule Msamvu, yule aliyepunguzwa kazi kiwandani akafungua gereji chini ya bati moja. Yeye alicheka akasema mwenye jino bovu hunywa uji, basi na difu tuinyweshe uji, tutie ile nzito.

Twalibu aliijaribu ile ya tisini, mlio ukabaki. Akaimwaga, akatia ile nzito, mlio ukapungua asubuhi na kurudi mchana, oili ilipopata joto. Mwisho akanunua ile chupa ndogo. Aliniletea barazani, akaketi karibu yangu, akaniomba nimsomee taratibu. Nikasoma kwamba dawa ile hupunguza joto, hupunguza kelele, na hulinda meno ya gia za aina zote. Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Ndipo akaniuliza kama pameandikwa mahali popote kwamba inaotesha meno yaliyokwisha kulika. Nikageuza ile chupa pande zote, nikatafuta hata kwenye maandishi madogo ya chini. Nikamwambia hapana. Alinishukuru, akaenda kuketi ndani ya gari peke yake. Sikumfuata. Nilidhani mwanaume ana siku zake za kuwaza, nami nilikuwa bado mgeni wa siku hizo.

Alhamisi iliyopita akapita Mwamvita, yule anayeshusha machungwa yenu sokoni. Alikuja na habari kwa furaha. Akasema mchango wa Kinole umetimia, kwamba wewe, mjomba, utashuka baada ya Maulidi kuja kulipa, na watu wanakata njia ya gari mpaka kwenye zahanati. Akatutajia waliotoa. Akasema mama yake Pili, ambaye hana shamba la maana, ametoa fedha alizojiwekea za sanda yake, akisema yeye atazikwa hata kwa shuka kuukuu, ilimradi gari lipatikane kwa wanaozaa.

Mwamvita alikunywa maji akaenda zake. Twalibu hakugusa chakula. Jua likiwa bado juu, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba ilipo Landrova. Aliweka beseni chini ya difu, akalala chali, akafungua nati ya kumwagia. Mjomba, mimi si fundi, lakini oili naijua sasa, nimesoma makopo mengi. Kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa tope jeusi lenye nyuzinyuzi, lililonuka pombe ya ndizi, na ndani yake mlikuwa na chembe za chuma zinazometa kama mchanga wa mtoni. Akatumbukiza vidole, akatoa kipande cha jino kikubwa kama punje ya hindi, akakiweka kwenye kiganja changu.

Ndipo akaniambia yote. Madalali wa magari wana hila yao ya zamani. Difu inayolia hutiwa ndizi mbivu pamoja na maganda yake, zinasagika humo, zinajaza nafasi kati ya meno yaliyolika, na mlio unakufa kwa muda. Ignas aliwahi kumsimulia kama kichekesho. Maneno ya Asia, na yako wewe niliyoyapeleka mimi, yalipomfikia, alikuwa hana uwezo wa kukodi gari jingine, na harusi ilikuwa imefika. Akachukua ndizi katika ule mkungu uliotuletea wewe kwa ajili ya karamu, na masalia yake yaligandamana humo hata alipobadili oili. Aliazimia kuzisafisha kesho yake, kisha atafute meno mapya polepole. Hakukusudia kumuuzia mtu gari lile. Lakini kabla hiyo kesho haijafika wewe ulikuwa umeshaweka mkono kwenye boneti.

Nilimuuliza kwa nini. Nilijua jibu, lakini nilitaka kulisikia. Akasema, "Nilitaka siku ile asilie mtu ila wewe."

Mjomba, nilimpenda nikamkasirikia kwa wakati mmoja, sijui kama inawezekana kwa watu wengine. Nililia, nikamwambia kilio cha gari kilikuwa kikisema kweli, na kwamba mimi ningepanda hata likilia mpaka Dar es Salaam. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hendibreki ya Landrova ile haikamati magurudumu. Inakamata ile fimbo ndefu inayotoka kwenye gia kwenda kwenye difu. Meno ya difu yakivunjika, gari likiwa kwenye mteremko wa Kinole, gia haishiki kitu na hendibreki nayo haishiki kitu. Linabaki na breki ya mguu peke yake, na nyuma kuna mama mwenye uchungu. Oili nzito haitasaidia, wala dawa ya Dubai. Mtu atakuwa anaendesha kimya kimya akiamini yu salama.

Twalibu alitaka uambiwe siku hiyo hiyo. Alikwenda kwa Mzee Stambuli amwombe apande Kinole, kwa kuwa maneno mazito kati ya mkwe na mjomba hupita kwa mshenga. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akakataa. Alisema, "Mimi nilitumwa kupeleka posa. Aibu mtafutie mshenga wake." Akaongeza kwamba kama ana akili atatia ile dawa, auze, ajenge nyumba, na Mungu ni mwenye kusitiri. Mume wangu alirudi akaniambia maneno hayo bila kuongeza yake. Nikaona tumebaki mimi na yeye.

Kwa hiyo mshenga nimekuwa mimi. Nimeandika mchana kutwa, yeye akiwa ameketi mbele yangu kwenye kigoda anachambua mchele, ili mikono yake ipate kazi. Kila ukurasa nilipoumaliza nilimsomea kama ninavyomsomea makopo. Kwenye habari za ndimu na kanga aliona haya akataka nizifute, nikakataa. Kwenye habari za ndizi nilitaka kuandika kwa kuzungukazunguka, akanizuia, akasema nitaje ndizi. Mahali pa mama yake Pili aliinuka akatoka nje, nikamsubiri mpaka aliporudi.

Gari tumeliweka juu ya mawe, magurudumu tumeyatoa, ili hata sisi wenyewe tusijaribiwe. Ataendesha lori la mtu msimu wote wa mavuno kule Dakawa, na atakachopata kitanunua meno mapya ya difu kutoka Dar es Salaam. Nyumba itangoja, hiki chumba kimoja kinatutosha. Siku litakapopona atalileta Kinole, mlete fundi wenu mwenyewe, alifungue mbele ya watu, mtie mikono mtazame. Kama hapo mtakuwa hamlitaki tena, au mmeshapata jingine bora, hatutanung'unika.

Bahasha hii sikuibandika. Kutoka Mkuyuni amepanda kwa miguu, peke yake, na njiani kuna mito ya kutosha kumwondolea mtu karatasi. Anajua kila neno ulilosoma. Sasa hivi, unaposoma, amesimama hapo uani kwako ameinamisha uso kama adabu inavyomtaka, na hawezi kuanza kusema mpaka wewe useme.

Sikuombi umsamehe, mjomba, hilo ni lako na la wale waliochanga. Ninachokuomba ni kidogo kwa maneno, kikubwa kwa mila zetu. Waite watu. Mwite mama yake Pili akae mbele. Kisha mwambie mkweo ainue uso akutazame, umpe ruhusa aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Siku ile ya harusi mlimpa heshima ya kunyamaza, akaitumia. Leo mpe ya kusema.

Nisalimie mkaza mjomba na wote nyumbani. Asia mwambie amenikalia moyoni, na anitanie atakavyo nitakapokuja, sitamjibu hata moja. Mama yake Pili usimpe salamu zangu. Hizo nitazileta mwenyewe, nimshike miguu.

Wakatabahu, mpwa wako, mtoto wa dada yako,

Zuleha